Ukweli Ukigeuzwa Silaha: Vita ya Umeme na Amri ya Nane



Leo nina swali ambalo kwenye mafundisho yetu ya katekesi huwa halipewi muda wa kutosha. Je, mtu anaweza kuvunja amri ya nane bila kusema uongo? Yaani kila neno alilotamka ni kweli, ukilikagua hulikuti na kosa, lakini mbele za Mungu ahesabiwe kuwa amemshuhudia jirani yake uongo?

Wengi tutajibu haraka: haiwezekani, ukweli ni ukweli. Na tukibanwa kwa maneno tuliyosema juu ya mtu, utetezi wetu wa kwanza ni huo huo: "Kwani nimesema uongo?" Ukishasema hivyo, unajiona umeshinda kesi.

Hebu tulipime jibu hilo kwa kisa kilichotokea kweli. Ni cha Marekani, kati ya mwaka 1886 na miaka ya 1890, na wanahistoria wanakiita Vita ya Mikondo. Ni vita iliyoamua umeme utafikaje majumbani mwa watu.

Mikondo miwili, wafanyabiashara wawili

Umeme unasafiri kwenye waya kwa namna mbili. Kuna mkondo mnyoofu, ambao mafundi wanauita DC (na hapa simsemi Mkuu wa Wilaya!). Huo unakwenda upande mmoja tu, kama umeme wa betri ya simu yako. Halafu kuna mkondo geu, yaani AC, ambao unakwenda na kurudi. Huu wa kwenye soketi za nyumbani kwetu unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde.

Thomas Edison alijenga biashara yake juu ya DC. Tarehe 4 Septemba 1882 aliwasha kituo chake cha Pearl Street, jijini New York. Mfumo wake ulitumia volti 110 hivi, na nyaya zake alizifukia chini ya barabara. Ulikuwa mfumo mzuri, na kwa wakati ule ulikuwa salama kuliko mingi. Shida yake ilikuwa umbali.

Umeme ukipita kwenye waya, sehemu yake inapotea kama joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu unaongezeka mara nne. Kwa hiyo ukitaka kupeleka nguvu ile ile mbali bila kuipoteza njiani, unapandisha volti ili mkondo upungue. Sasa kwa DC ya enzi zile hapakuwa na njia nyepesi ya kupandisha volti na kuzishusha tena. Mteja aliyekaa kilomita mbili au tatu kutoka kituoni hakuweza kuhudumiwa, labda kampuni inunue nyaya nene za shaba kwa fedha nyingi, au ijenge kituo kingine karibu naye.

AC ilikuwa na jibu, nalo ni transfoma. Unapandisha volti pale kituoni, unasafirisha umeme mbali, kisha unazishusha karibu na nyumba ya mteja. Machi 1886 mhandisi William Stanley alionyesha mfumo huo ukifanya kazi katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts. Aliyekuwa nyuma yake ni George Westinghouse, tajiri aliyejulikana kwa breki za hewa za treni. Mwaka 1888 Westinghouse akapata pia haki za uvumbuzi wa Nikola Tesla, Mserbia, mtoto wa kasisi wa Kiorthodoksi, aliyefika New York mwaka 1884 na kufanya kazi kwa muda mfupi katika kampuni ya Edison. Tesla alikuwa amebuni mota inayoendeshwa na AC, kitu kilichokuwa kinakosekana.

Edison akaliona soko linaanza kumponyoka.

Edison alikuwa na ukweli

Hapa tusimwonee mtu. Edison hakuanza kwa kuzusha. Volti zinazotumika kusafirisha AC zinaua, na New York ya wakati ule ilikuwa imejaa nguzo zenye nyaya za kila aina juu ya vichwa vya watu: za telegrafu, za simu na za taa, nyingine zimechakaa, nyingine zimeachwa tu zinaning'inia.

Tarehe 11 Oktoba 1889, fundi mmoja wa nyaya aitwaye John Feeks alipanda nguzo katikati ya jiji, mchana, watu wakiwa wengi barabarani. Waya alioushika ulipaswa kuwa wa umeme mdogo, lakini mahali pengine ulikuwa umegusana na waya wa umeme mkubwa wa AC. Alikufa pale pale, na mwili wake ukabaki umenasa kwenye nyaya kwa muda mrefu, umati ukitazama. Watu wakaanza kumchangia mjane wake.

Mwezi uliofuata Edison aliandika makala kwenye jarida kubwa kueleza hatari za umeme wa namna hiyo. Alipoandika kwamba volti kubwa zinaua, alikuwa sahihi. Mtu angemuuliza, angejibu vizuri kabisa: "Kwani nimesema uongo?"

Basi dhambi iko wapi?

Mbwa, barua na kiti

Turudi nyuma mwaka mmoja. Juni 1888, mhandisi mmoja wa umeme aitwaye Harold Brown aliandika kwenye gazeti la New York akidai AC iwekewe ukomo wa volti 300. Ukiweka ukomo huo, transfoma inabaki haina kazi, na AC inapoteza faida yake yote ya masafa. Alijitambulisha kama raia anayejali usalama wa watu tu. Tarehe 30 Julai, katika Chuo cha Columbia, Brown alimfungia mbwa nyaya mbele ya waalikwa. Alimpiga kwa DC hadi volti 1,000 na mbwa akateseka bila kufa, kisha akammaliza kwa AC ya volti 330. Wanyama wengine walifuata katika majaribio yaliyofanyika kwenye maabara ya Edison mwenyewe.

Agosti 1889 ukweli wa upande wa pili ukatoka. Gazeti moja lilichapisha barua zilizoibwa kwenye meza ya Brown, zikionyesha kwamba "raia mwema" huyu alikuwa akishirikiana na washindani wa Westinghouse na kusaidiwa nao. Kumbe ushahidi wake ulikuwa na mlipaji.

Kuna kitu kizito zaidi. Jimbo la New York lilikuwa linatafuta njia mpya ya kuua waliohukumiwa kifo, badala ya kamba. Edison alipoulizwa ushauri mwanzoni, alijibu kwamba yeye angeunga mkono kufutwa kabisa kwa adhabu hiyo. Desemba 1887 akageuka. Alipendekeza itumike AC, na akaitaja mashine ya mpinzani wake kwa jina: za Westinghouse. Baadaye Westinghouse alipokataa kuuza mashine kwa kazi hiyo, Brown alizipata zilizotumika tayari, kwa mlango wa nyuma. Mwanasheria mmoja wa upande wa Edison alipendekeza hata jina la Westinghouse lifanywe kitenzi, ili mtu akiuawa kwa umeme isemwe kwamba "amepigwa Westinghouse".

Wa kwanza kuketi kwenye kile kiti alikuwa William Kemmler, mtu aliyemuua mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Ilikuwa tarehe 6 Agosti 1890, gereza la Auburn. Walimpiga umeme kwa sekunde 17, daktari akatangaza amekufa, halafu waliokuwepo wakaona bado anapumua. Ikabidi wampige mara ya pili, kwa muda mrefu zaidi. Baadhi ya mashahidi walishindwa kuvumilia walichokiona.

Kemmler alikuwa na hatia ya kumwaga damu, hilo halina ubishi. Lakini tazama alivyotumika. Kifo chake kilikuwa kimefanywa tangazo la biashara: bidhaa ya jirani yangu ndiyo inayoua watu. Kayafa naye aliwahi kupiga hesabu za namna hiyo, kwamba ni afadhali mtu mmoja afe ikiwa kufa kwake kuna faida. Mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu ili iseme wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu hata mwenye dhambi kubwa hapotezi utu wake. Sasa kama hata hukumu ya mahakama haimwondolei mtu utu, je, ushindani wa soko?

Kanisa linatufundisha nini

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja njia tatu za kuharibu jina la mtu. Ya kwanza ni hukumu ya harakaharaka, pale unapoamini ubaya wa mwenzako bila msingi wa kutosha. Ya tatu ni kumsingizia, na hiyo sote tunaijua. Tulie kidogo kwenye ile ya pili: kuyatangaza makosa ya mtu kwa wasioyajua, bila sababu ya haki. Umeona? Makosa yenyewe ni ya kweli. Hakuna uongo hata nusu. Na bado Kanisa linasema ni kosa.

Injili inatuonyesha jambo hilo hilo. Katika Luka sura ya 4, shetani anamjaribu Yesu kwa kumtajia Maandiko Matakatifu, na maneno anayoyataja yamo kweli katika Zaburi. Mwishoni mwa sura hiyo hiyo, pepo wanapiga kelele kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Ni ukweli mkubwa kuliko wote! Bwana anawakemea na kuwanyamazisha. Neno la kweli likiwa mdomoni mwa anayetaka kuangamiza, linafanya kazi ya kuangamiza.

Na Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi wa habari, alifundisha kwamba mchongezi kwa pigo moja la ulimi anaua mara tatu: anaua roho yake, anaua roho ya anayemsikiliza, na anaua jina la anayesemwa.

Kwa hiyo tukirudi kwa Edison, kosa la upande wake halikuwa kusema kwamba volti kubwa zinaua. Kwanza, walichagua ukweli mmoja na kuukalia mwingine. Walieleza volti za kwenye nguzo, lakini hawakuwa na haraka ya kueleza kwamba transfoma inazishusha kabla hazijaingia nyumbani. Pili, walificha nani anafaidika. Brown alivaa joho la raia mwema huku ana wenyewe nyuma yake. Tatu, ukweli wenyewe haukukusudiwa kumponya mtu. Ulikusudiwa kumwangusha mshindani.

Basi tukae kimya?

Najua kuna anayejiuliza: "Sasa tukiona hatari, tunyamaze ili tusimchafue mtu?" Hapana, ndugu yangu. Hapo tungeangukia shimo la upande wa pili. Nyaya za New York zilikuwa zinaua kweli, na aliyejua akanyamaza angeshiriki damu ya akina Feeks. Ndivyo ilivyo hata kwetu. Kiongozi wa jumuiya akila michango, sema. Mtoto akidhulumiwa, sema, na usisubiri mtu akuruhusu. Ukimya wa namna hiyo haujawahi kuwa upendo.

Ila angalia tofauti. Baada ya kifo cha Feeks, meya wa New York aliagiza nyaya mbovu zikatwe na kuondolewa, na nguzo zikaanza kuangushwa. Ukweli ule ule, "nyaya hizi zinaua", ukiwa mikononi mwa anayetaka fundi wa kesho arudi nyumbani salama, unazaa nyaya zilizofukiwa na kazi iliyo salama. Ukiwa mikononi mwa anayetaka mshindani afe kibiashara, unazaa mbwa waliouawa mbele ya waalikwa.

Kipimo ninachokiona hapa ni hiki. Kabla hujasema, jiulize: ningelisema hili kama lisingeninufaisha? Na je, ninamwambia anayeweza kurekebisha, au ninawaambia wanaopenda kusikia?

Tena siku hizi tunasema "screenshot haidanganyi". Kweli, haidanganyi. Lakini umeikata wapi? Ujumbe uliotangulia ulisemaje? Na kwenye lile kundi lenye watu 200 uliloipeleka, ni nani pale mwenye uwezo wa kumsaidia huyo dada? Au kwaya mbili za parokia moja: "Hawa wenzetu bwana, organi inawapiga chenga." Inawezekana ni kweli. Lakini ukikuta imesemwa kila Jumapili baada ya Misa ya pili, na haijawahi kusemwa kwa mwalimu wa kwaya yenyewe, hiyo siyo tena habari ya muziki.

Na sisi tumemfanyia Edison nini?

Hapa inabidi nitugeuzie kioo, maana hiki kisa kinazunguka sana mtandaoni. Utakutana na video inasema Edison alikuwa mwizi na katili, Tesla alikuwa kama malaika, na ushahidi mkubwa ni tembo: eti Edison alimuua tembo kwa umeme ili kushinda Vita ya Mikondo.

Tembo huyo alikuwepo. Aliitwa Topsy, na aliuawa Coney Island tarehe 4 Januari 1903. Filamu ya tukio hilo ilipigwa na kampuni ya filamu iliyokuwa na jina la Edison. Lakini mwaka 1903 Vita ya Mikondo ilikuwa imekwisha zamani, AC imeshashinda, na Edison alikuwa ametoka kwenye biashara ya kuuza umeme kwa zaidi ya miaka 10. Walioamua kumuua tembo ni wenye bustani ya burudani, na hakuna ushahidi kwamba Edison alikuwepo.

Yaani watu wanamkemea Edison kwa kuchafua jina la mwenzake, huku wanasambaza habari inayochafua jina lake. Tunachukua vipande vya kweli (tembo, umeme, jina la Edison), tunavishona pamoja, tunabonyeza "share". Aliyekufa mwaka 1931 hawezi kujibu. Amri ya nane inamlinda na yeye pia, hata kama alikosea. Pengine inamlinda hasa kwa sababu alikosea, maana ni rahisi sana kumsingizia mtu ambaye tayari ana kosa.

Mwisho wa vita

Mwaka 1892 kampuni ya Edison iliunganishwa na nyingine ikawa General Electric. Jina lake likaondolewa, na kampuni hiyo mpya nayo ikajenga mitambo ya AC. Mwaka 1893 maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago yaliwashwa kwa AC ya Westinghouse. Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo. Vita ikawa imekwisha.

Lakini DC haikufa. New York iliendelea kuwa na wateja wa DC hadi Novemba 2007, miaka 125 baada ya Pearl Street. Baadaye wahandisi walipata njia ya kupandisha DC hadi volti kubwa mno, na leo inasafirisha umeme mbali sana. Umeme wa Inga unakwenda hadi Kolwezi, kule Kongo, kwa DC, kama kilomita 1,700. Tangu 2022 Kenya inapokea umeme wa Ethiopia kwa njia ya DC yenye urefu unaozidi kilomita 1,000. Sola ya juu ya bati inatoa DC. Na chaja yako, kila ukiichomeka ukutani, inapokea AC na kuipa simu DC.

Ndiyo maana kisa hiki kinanihuzunisha. Wote wawili walikuwa wameleta kitu chema. Mwanga wa mmoja haukuhitaji giza la mwenzake. Edison alikuwa na mengi ya kujivunia bila kumwekea jirani yake kiti cha kifo, na hofu ya kupitwa ndiyo iliyomfikisha pale. Hofu hiyo tunaifahamu. Mwenzako kafungua duka la nguo mtandaoni kama lako, au kachaguliwa kiongozi wa vijana nafasi uliyoitaka, na ghafla unakumbuka ukweli fulani kumhusu ambao jana hukuona haja ya kuusema.

Ukiukumbuka ukweli wa namna hiyo leo, usiuseme kwanza. Upeleke kwenye sala. Kama baada ya kumwombea huyo mtu bado unaona lazima usemwe, mfuate yeye, au yule mwenye wajibu naye. Na kama jina lake umeshaliharibu, kwenda kuungama ni vizuri, lakini kuna na malipizi: rudi kwa wale wale uliowaambia, uwaambie upande uliouficha.

*Tuombe:* Ee Bwana Yesu, uliye Njia, Ukweli na Uzima, ulishuhudiwa uongo mbele ya baraza na hukulipiza. Linda ndimi zetu na vidole vyetu. Ukweli uliotupa tuutumie kuponya, na mema ya wenzetu tuyafurahie bila hofu. Amina.

Uwe na wiki njema, na Mungu akubariki.